Una santuri adimu? Ipige watu wasikie, picha ya jalada haina sauti

Kuna jamaa mmoja hapa Dar, jina kapuni, ambaye kila Jumapili lazima aposti santuri. Sio kuipiga, kuiposti. Meza ya mbao iliyong'arishwa, kikombe cha kahawa, ua moja ndani ya chupa, na santuri imelazwa katikati kama maiti ya tajiri. Ana wafuasi wa kutosha, anaalikwa kwenye shughuli za watu wenye hela zao kuzungumzia urithi wa muziki wa zamani, na akianza kuzungumza anafumba macho.

Mwezi uliopita kaweka moja iliyopandisha watu mzuka. Ndogo, ile ya nyimbo mbili yenye tundu kubwa katikati, lebo imefifia mpaka imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Chini yake kaandika kwamba ni bendi ya vijana wa Dar wa miaka ya 1970, gitaa linanguruma kama bodaboda iliyotoboka ekzosi, na kwamba huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani. Watu moto, moto, moto. Mmoja akauliza swali la kawaida kabisa: kaka, hata sekunde thelathini tu, watu wasikie? Akajibiwa, "Hii siyo ya kila sikio."

Haya. Sasa ni ya sikio la nani?

Wiki tatu kabla ya hapo santuri hiyo hiyo ilikuwa Feri, ndani ya boksi la sabuni, chini ya meza ya kijana anayekaanga samaki. Wanaoijua Feri wanajua. Alfajiri ni mnada, dalali anaita bei ya jodari na changu kwa kasi ambayo rapa wengi wa mjini hawaiwezi. Mchana ni moshi wa mafuta, kunguru, na foleni ya pantoni ya kwenda Kigamboni. Sio mahali pa kutunzia santuri hata kidogo. Chumvi ya pale inakula bati, karatasi itapona vipi?

Boksi aliliacha babu yake kijana. Mzee alikuwa mfanyakazi wa bandarini, mtu wa bugaluu na viatu vya raizoni enzi zake, na mshahara ukitoka kitu cha kwanza ni santuri, halafu ndiyo unga. Alipofariki ndugu waligawana: shangazi cherehani, baba mdogo baiskeli, kijana akaachiwa boksi na mashine mbovu ya kupigia santuri ambayo hakuna aliyeitaka. Boksi akalipeleka kazini kwa sababu chumbani kwake kunavuja.

Winga mmoja wa Kariakoo, wale wanaokudaka Mtaa wa Kongo wakakupeleka kwenye duka ambalo sio lao, ndiye aliyenusa. Kaja kula samaki, kaliona boksi, kapiga simu. Santuri thelathini na mbili, kila moja elfu tano. Laki moja na sitini taslimu, winga akachukua ishirini yake, kijana akabaki na laki na arobaini, akanunua karai jipya na mtungi wa gesi. Hapa tusidanganyane: hakuna aliyeibiwa. Bei ilitajwa, ikakubaliwa, pesa ikahesabiwa mbele ya mashahidi wenye mikono ya mafuta. Wanaomtukana mkusanyaji kwamba ni mwizi wanamwonea.

Tatizo lake ni lingine kabisa, na linaanzia kwa fundi.

Kijana alikuwa anataka kuuza na ile mashine pia. Akaipeleka kwa fundi redio mmoja wa Kariakoo, mzee wa siku nyingi, pamoja na santuri tatu za kujaribia. Fundi akaweka mkanda mpya aliokata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akasafisha sindano, akachukua santuri ya kwanza iliyomjia mkononi, akaiweka upande B bila hata kusoma. Ilipolia, akairekodi kwa simu ili mteja wake aamini kwamba mashine imepona, akamtumia WhatsApp. Kijana akaiweka stetasi. Ikatoka hapo ikaenda Kigamboni, ikaenda Mbagala, ikaenda Tabata, na ilipofika kwa wale vijana wanaotengeneza singeli vyumbani ikawa imeshakatwa vipande.

Rekodi yenyewe ni mbovu. Ina dakika mbili na ushee, inakwaruza mwanzo mpaka mwisho, na katikati kuna mteja anabishana bei ya rimoti ya TV. Kuna watu sasa hivi wameshika wimbo pamoja na "elfu saba mwisho" ya yule mteja, wanaimba yote kwa mpangilio. Lakini sikiliza kinachotoka chini ya vumbi lile. Gitaa limepitishwa kwenye spika ambayo ama imechanika ama imechanwa makusudi, linakoroma. Mpiga ngoma anakimbia, wenzake wanamfukuza, na kuna sehemu kabla ya kibwagizo cha pili ambapo besi inapotea kabisa kisha inarudi kama mtu aliyeteleza ngazi akajifanya anacheza. Mwimbaji anaimba Kiingereza ambacho nusu yake hakipo kwenye kamusi yoyote. Halafu anaacha, anaita jina la mwanamke mara tatu, na gitaa linaingia tena. Hapo ndipo nywele zinasimama.

Je, ni wimbo mzuri? Ukiupima kwa mizani ya Mlimani Park, na ala zake za upepo zinazopokezana kama watu waliolelewa nyumba moja, huu ni uhuni mtupu. Hakuna mpangilio, hakuna chemko ya kueleweka, unaisha kwa sababu santuri imeisha. Ukiupima kwa mizani yake, yaani vijana wanne au watano waliokuwa na studio kwa saa chache na hofu kwamba hawatairudia tena, ni kitu cha hatari. Uchambuzi kama huo ungetoka kwa mkusanyaji ungekuwa na faida kwa watu. Yeye aliandika neno "dhahabu" mara nne na neno "adimu" mara sita. Uadimu sio sifa ya muziki. Hata chanjo ya mbwa kuna wakati inakuwa adimu.

Na huo ndio ugonjwa wa zilipendwa kwa ujumla. Kikishapita miaka thelathini kila kitu kinakuwa kitakatifu, hakuna wa kusema wimbo huu ulipooza, bendi hii iliiga, upande huu ni wa kujazia tu. Kijana wa miaka 22 anapewa mzigo mzima aheshimu bila kuonja. Anaheshimu kweli, halafu anarudi zake kusikiliza kingine.

Sasa, kwa nini santuri ya aina hii iwe adimu kiasi hicho? Sio kwamba Dar haikuwa na vijana wa magitaa ya kelele. Mji huu umewahi kuogopa muziki mpaka ukaupiga marufuku. Mwaka 1969, wakati Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, mawigi na suruali za kubana, serikali ikapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Soul! Vijana waliokuwa wanacheza James Brown kwenye madansi ya Jumapili wakaambiwa huo ni uozo kutoka nje. Wengine wakahamia rumba, wengine wakajificha, wengine wakatafuta njia ya kuuficha ule moto ndani ya kitu kinachoitwa cha nyumbani.

Sunburst walikuwa kwenye kundi hilo la mwisho. Bendi iliundwa hapa hapa Dar mwaka 1970, ikachanganya soul, roki na ngoma za asili, na kwa kuwa enzi hizo bendi bila mtindo wake ilikuwa kama timu bila jezi, wao wakauita mtindo wao Kitoto. Afro 70 ya Patrick Balisidya walikuwa na Afrosa, Western Jazz walikuwa na Saboso, hawa Kitoto. Radio Tanzania iliwarekodi mwaka 1973, lakini kanda za redio zilikuwa za kurusha hewani, huzikuti dukani. Santuri ndogo walizitoa Kenya. Albamu yao pekee, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976. Halafu kimya. Ilibidi ifike 2016 kampuni ya nje, Strut, ikusanye rekodi zao zote na kuzitoa upya, ndipo watu wa London na Berlin wakaanza kuandika kwamba Dar kulikuwa na bendi kali ya roki. Kuna watu wamekulia Ilala, wamezaliwa Ilala, wamelijua jina la Sunburst kwa kusoma Kiingereza cha mtu ambaye hajawahi hata kupanda daladala ya Gongo la Mboto.

Huo mzunguko wa Nairobi na Zambia ndiyo jibu la uadimu. Santuri za bendi za huku zilichapwa zaidi Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Ukiwa na bendi ndogo isiyo na shirika la umma nyuma yake, unachapa santuri wapi? Kilichokuwa kimeshaingia mjini kabla ya hapo ndicho hicho hicho, kikapigwa mpaka kikaisha, kikaliwa na panya, au kikakaa kwenye boksi la sabuni la mfanyakazi wa bandarini.

Wazambia walikuwa na bahati tofauti kidogo. Zamrock yao, akina WITCH na Amanaz, nayo ilizikwa miaka mingi, lakini walipojitokeza watu wa kuipiga hadharani na kuichambua wimbo kwa wimbo, wazee waliobaki hai walipanda jukwaani tena. WITCH wanazunguka Ulaya na Marekani mpaka leo, na mwimbaji wao ni yule yule wa miaka ya 1970. Kenya nayo, mwaka 2013 ulitoka mkusanyiko wa Kenya Special wenye nyimbo za santuri ndogo ambazo wengi hata Nairobi kwenyewe walikuwa wamezisahau. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea kwa picha ya meza na kikombe.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi, nenda Marekani mwaka 1972. Lenny Kaye, mwandishi wa muziki na mpiga gitaa, alichukua nyimbo 27 za bendi ndogo ndogo za miaka ya 1960, nyingi zikiwa za vijana waliofanyia mazoezi gereji ya mzazi, akazitoa kwa jina la Nuggets. Hakuzifungia kabatini asifiwe kwamba anazo. Aliandika maelezo ya kila bendi, nani alikuwa nani, kilichomvutia ni nini, na maelezo yale ni kati ya maandishi ya mwanzo kuuita muziki wa aina hiyo punk. Miaka michache baadaye vijana wa New York na London waliokuwa hawajui kupiga gitaa vizuri wakawa na ushahidi kwamba hata kutojua vizuri kunatosha kuanzia. Kaye mwenyewe akawa mpiga gitaa wa Patti Smith. (Neno lenyewe kwa Kiswahili lina balaa lake. Mtu wa Dar ukimwambia panki anafikiria mtindo wa nywele, mtu wa Mwanza anafikiria mifupa ya sangara iliyobaki kiwandani. Ukiisikia ile rekodi ya fundi, wa Mwanza yuko karibu zaidi na ukweli.)

Na usiende mbali, singeli imepita njia hiyo hiyo mbele ya macho ya watu. Walipokuwa wanaipiga kwenye vigodoro ilikuwa muziki wa wahuni, haina adabu, inakimbia mno. Vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati walikuwa wanatengeneza kwa kompyuta za kuungaunga, mzigo unatoka kwa flashi na Bluetooth. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, wachambuzi wa Ulaya wakachanganyikiwa, ndipo watu wa mjini wakaanza kusema wao walijua siku zote. Kilichoibeba singeli mpaka ikafika huko ni flashi iliyopita mkono kwa mkono. Kama yule wa kwanza angesema hii siyo ya kila sikio, ingefia Mburahati.

Kwa hiyo mkusanyaji alipokasirika kwamba rekodi ya fundi "imeshusha thamani", alikuwa anazungumzia thamani gani? Ya kuuzia, labda. Lakini kabla ya rekodi ile, santuri yake ilikuwa plastiki yenye maandishi. Imeanza kuwa na thamani siku dereva wa bajaji alipoanza kuipiga mluzi.

Haki yake nayo isemwe. Asingenunua yeye, boksi lingebaki Feri, na masika moja tu yangetosha kulimaliza. Ana kabati kavu, ana mifuko ya plastiki kwa kila santuri, ametumia pesa yake bila kuomba mchango wa mtu. Wapiga kelele wengi wanaodai muziki ni wa wote hawajawahi kununua hata bando la kusikilizia wimbo wa msanii aliye hai.

Na upande wa wasambazaji kuna takataka pia. Kuna dijei mmoja aliichukua ile rekodi, akaifuta sauti ya mteja wa rimoti, sawa, kisha akaweka jingo lake: kila baada ya muda kidogo sauti ya mwanamke inaita jina la dijei kwa mwangwi. Jina la bendi hakuliandika. Jina la mtunzi, ambalo linasomeka vizuri kabisa kwenye lebo aliyoiposti mkusanyaji, hakuliandika. Ameusambaza wimbo kwa maelfu ya watu na wote wanamjua yeye. Huyo na wa kahawa ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kaficha sauti na mwenzake kaficha wenye sauti.

Sasa hapo ndipo akatokea mama mmoja, muuza vitenge Kariakoo, umri wa miaka hamsini na kitu.

Alisikia wimbo kwenye simu ya mpwa wake. Hakujali gitaa. Alipofika kwenye ile sehemu mwimbaji anaita jina mara tatu, akamwambia mpwa wake arudishe nyuma. Jina linaloitwa ni jina la utani la mama yake mzazi, ambalo nje ya nyumba yao hakuna aliyekuwa analitumia. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alijua alikuwa mwanamuziki, picha ipo, bugaluu na gitaa. Sauti hakuwahi kuisikia maishani.

Akaenda Feri. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mama," akamtolea kiti, akamweleza kila kitu bila kuficha, mpaka bei. Mama akamuuliza kama anajuta. Akasema, "Kwa kweli mama, karai lilikuwa limetoboka." Wakacheka wote wawili. Kijana akamtafuta winga, winga akampa namba ya mkusanyaji.

Hapa mambo yakawa ya ajabu. Mama hakutaka kuinunua santuri. Alitaka kusikia upande A. Mkusanyaji kwanza akasema amesafiri. Halafu akasema anaweza kumpa nakala safi kwa laki mbili, gharama za "kuhamisha kitaalamu". Halafu kimya cha wiki nzima. Mpwa akataka kumwanika, mama akamkataza, akasema yeye anatafuta sauti, sio ugomvi.

Kisheria mama alikuwa na mengi ya kusema kama angetaka. Kununua santuri ni kununua sahani ile moja, sio wimbo ulio ndani yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile iliyoanzisha COSOTA, inalinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Kwa hesabu hiyo nyimbo alizotunga zinalindwa mpaka 2029. Kwa hiyo mtu akikuuzia "nakala safi" ya wimbo wa baba yako, anakuuzia kitu ambacho pengine nusu yake tayari ni chako. Nakala ya kumpa mtoto asikie sauti ya baba yake ilitakiwa iwe bure, na anayetoa ndiye aone heshima.

Mwishowe mkusanyaji akakubali, kwa sharti moja: wakutane kwa fundi, Kariakoo, sio kwake. Watu wakadhani anaogopa kuvamiwa. Kumbe sababu ni ndogo na ya aibu. Hana mashine. Santuri zaidi ya mia tatu, mifuko ya plastiki, kabati kavu, semina za urithi, na hana kitu cha kuzipigia. Alikuwa nayo, iliharibika siku nyingi, hakuitengeneza. Lile gitaa la bodaboda aliliandika baada ya kuisikia rekodi ya fundi kwenye simu, kama watu wengine wote. Upande A hakuwahi kuusikia.

Waliokuwepo wanasema fundi hakumcheka. Alifunga mlango safari hii, akamwambia mteja wa nje asubiri, akaweka santuri.

Upande A ni wimbo wa kawaida sana. Wa mapenzi, polepole, Kiswahili, gitaa limetulia kama lina mgeni ukumbini. Ungepigwa redioni usingegeuza shingo. Ni wazi mtayarishaji aliutaka huu, na ule wa upande B wakaachiwa vijana wajazie nafasi kwa walichonacho. Mama aliusikiliza mara mbili, hakulia, akauliza kama kinanda kile ni kweli au ni redio ya jirani. Kisha akaomba wageuze. Fundi akarekodi pande zote mbili, vizuri, simu imewekwa juu ya kitambaa.

Mkusanyaji akaomba rekodi ile isitoke nje ya chumba. Mama akamtazama, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, hapo umeimba sehemu gani?"

Ikakubaliwa itoke. Na safari hii ina majina: mtunzi, mpiga solo, mpiga ngoma, kama mama alivyowakumbuka kutoka kwenye maneno ya mama yake. Mpiga besi bado yupo hai, Morogoro, anafuga kuku. Mpwa ameshampigia simu, na mzee anasema pale besi inapopotea ni yeye alidondosha sigara. Kijana wa Feri ametumiwa nakala ya kwanza. Anaipiga jioni, mafuta yakiwa yanachemka, na abiria wa pantoni wanageuka.

Santuri yenyewe imerudi kabatini kwa mwenyewe, na ni haki yake. Jumapili iliyofuata kaposti nyingine. Meza ile ile, kikombe kile kile, ua jipya. Pembeni kabisa ya picha, kwa mara ya kwanza, inaonekana mashine ya kupigia santuri. Waya wake umekunjwa juu ya mfuniko, haujachomekwa popote.